Mwangaza Wenye Méschac Alifuta na Shati

Méschac alikuwa na tabia moja yenye muke wake Orpha alishindwa kumuponyesha: hakuweza kuona kitu kimeharibika na kupita tu. Mutu akisimama katika soko ya Kashikishi na kupigapiga telefone yake kwenye goti, Méschac alikuwa amekwisha kunyoosha mukono hata mbele ya kumusalimia. Alikuwa mutu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, na tangu mwaka wa 2018 jamaa yake ilikaa katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, pale Orpha na mama yake wanalima mihogo na mahindi. Yeye mwenyewe shamba ilimushinda mwaka wa kwanza. Walimutuma kupalilia karanga, na kufika saa sita alikuwa ameng'oa karanga zote na kuacha majani yamesimama kwa mistari mizuri. Kisha siku ile Orpha alimushauri aende Nchelenge, penye soko ile ya Kashikishi, akatengeneze radio za watu. Méschac aliwaambia marafiki kwamba alipata wazo la biashara. Ukweli ni kwamba alifukuzwa shambani kwa heshima.

Kule Kashikishi alikuwa na meza ya mbao katikati ya mwanamuke mwenye kuuza salaula, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, na mwingine mwenye kuuza chisense, samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa kwenye muchanga. Juu ya meza alitundika kibao: DOKTA MÉSCHAC. TUNASAFISHA TELEFONE, RADIO NA VYOTE. Hakuna mutu alimupa udokta. Na lile neno "na vyote" aliliongeza kwa sababu ubao ulibaki na nafasi.

Dawa zake zilikuwa ine: esansi, ile petroli ya pikipiki, ndani ya chupa ya limonade, brosi ya meno iliyozeeka, muchele, na pumuzi yake mwenyewe. Telefone ikianguka ndani ya ziwa, aliifungua, akaimwangia esansi, akaisugua, akaipuliza mpaka mashavu yakamuuma, kisha akaizika ndani ya muchele siku mbili. Nyingine ziliamka. Zenye hazikuamka alisema zilimeza maji mengi sana, na mwenye telefone alirudia kwake akijilaumu. Siku moja katekista Hervé alimuletea radio yenye vumbi. Esansi ilitoa vumbi, ni kweli, lakini ilitoa pia namba zote kwenye kioo cha plastiki, kioo kikabaki kama sabuni iliyolowa. Méschac alimwambia katekista kwamba mutu wa imani anaweza kutafuta stesheni kwa kusikia tu. Katekista alikubali, na hilo lilimupa Méschac nguvu ya kuendelea.

Basi, ukipita soko na kufuata njia ya kuelekea ziwa, kuna dispensere ndogo ya kanisa, na ndani yake chumba kimoja cha macho. Mwenye kuangalia chumba hicho alikuwa Mama Angèle, infirmiere, muuguzi aliyetoka Pweto, mwanamuke wa maneno machache. Alikuwa na kamera ndogo ya kupiga picha ndani ya jicho la mugonjwa. Picha zile zilienda mpaka Lusaka, kwa dokta wa macho, na dokta alionekana kwenye ekrani akiongea na kila mugonjwa, mara moja kwa mwezi. Yote hayo yalipitia fibre, ule uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaopitisha mwangaza pahali pa umeme. Fibre ilifika mwaka uliopita. Watu walikuja kutazama mashini yake ndogo nyeupe kwenye ukuta, wakarudia na huzuni, kwa sababu walifikiri itaangaza nyumba muzima.

Juma ile yenye nasimulia, fundi wa rangi, kijana Obvious, alipaka kuta za chumba cha macho. Ili afikie nyuma ya mashini, alichomoa kamba ya fibre, akaiacha inaning'inia siku muzima katika vumbi, kisha akairudisha. Tangu pale mawasiliano yakaanza kuugua. Sauti ilikatika, picha zilisimama nusu. Ilikuwa kazi tatu, katikati ya juma. Mama Angèle alipigia kampuni ya fibre telefone, wakamujibu kwamba mutaalamu wao atafika kesho yake asubui. Na kesho ndiyo siku ya dokta, kuanzia saa ine. Wazee munane walikuwa wamekwisha kufika kwa ajili yake, wengine kutoka mbali. Mumoja wao alikuwa Mama Laurentine, mama ya Orpha, mwenye kungojea zamu yake tangu miezi ine.

Mama Laurentine alikuja na Orpha kutoka Mantapala nyuma ya pikapu, kitambaa kimefungwa juu ya macho kwa sababu ya vumbi, ingawa hata bila kitambaa hakuona kitu kikubwa. Méschac aliwaachia chumba chake cha kupanga na kuhamia kulala kwenye meza yake sokoni, maana mukwe hawezi kulala chini ya bati moja na mama ya bibi yake. Hata kuongea, walipitisha maneno kwa Orpha, kila mumoja akiangalia pembeni. Miaka kumi na tano ya heshima ilipita hivyo, na Méschac aliona inamufaa sana, kwa sababu mama mukwe hakupata hata siku moja nafasi ya kumuuliza habari za karanga.

Siku ile ya kazi tatu alipita dispensere kuwaletea wazee ndoo ya maji. Akasikia Mama Angèle akiwaeleza wazee kwamba pengine kesho haitawezekana. Mukono wa Méschac ukanyooka wenyewe.

Mama Angèle alimuuliza kama anajua mambo ya fibre. Méschac alikuwa hajagusa fibre hata siku moja katika maisha yake.

"Mama Angèle," alimujibu, "kitu ni kitu, na uchafu ni uchafu."

Aliisema vizuri sana, na mpaka leo anakubali kwamba kama angeisema vibaya kidogo, mambo yote yasingetokea. Mama Angèle alisogea. Méschac alichomoa ile kamba nyembamba yenye kichwa cha rangi ya majani. Kwenye ncha kulikuwa na kijiti cheupe, kidogo kama punje ya muchele. Alifunga jicho la kushoto na kusogeza ncha ile karibu na jicho la kuume, kama mutu anavyochungulia chupa ili ajue kama kunabakia kitu. Hakuona kitu. Akatangaza kwamba mwangaza haufiki. Kisha akachungulia mara ya pili, kwa muda murefu zaidi, kusudi Mama Angèle aone kwamba kazi inafanywa kwa makini.

Akapumulia ncha. Akaifuta na upindo wa shati, shati ileile yenye alifutia mikono asubui kisha kula chisense ya kukaanga. Akaona haitoshi, akatoa katika mufuko chupa yake na brosi, akatia tone la esansi, akasugua kwenda na kurudi, akapuliza, na kurudisha kichwa ndani ya tundu yake kwenye ukuta. Taa ya mashini, yenye ilikuwa ya rangi ya majani na kupepesa kidogo, ikageuka nyekundu.

Mama Angèle alimuuliza maana yake.

Méschac alisema mashini inapumuzika.

Mama Angèle alivaa miwani yake. Pembeni ya tundu la ukuta kulikuwa na karatasi ndogo ya manjano yenye pembe tatu, imeandikwa Kiingereza. Aliisoma yote, kisha akaigeuza polepole katika Swahili: hapa munapita mwangaza wa lasere, hauonekani na macho, usichungulie ndani, unaweza kuumiza jicho. Méschac alimuomba arudilie pale pa jicho. Alirudilia. Méschac akashukuru, akachukua ndoo yake, akatoka, na ndoo ilikuwa ingali na maji.

Saa zile za mangaribi alizimaliza kando ya ziwa akijipima. Alifunika jicho la kushoto na kutazama mitumbwi ya Mununga iliyokuja kuuza, akajaribu kusoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Aliyasoma. Akapata moyo. Kisha akaona vidoti vyeusi vinapanda na kushuka juu ya maji, vingi, mbele ya jicho lilelile. Alikaa juu ya muchanga akaanza kupanga maisha ya kipofu: nani atamushika mukono, kama mutu anaweza kutengeneza radio kwa vidole tu. Alikuwa amefika kwenye maziko yake mwenyewe, wakati mama mumoja karibu naye alipoanza kupigapiga hewa na kitenge na kutukana wadudu. Vile vidoti vilikuwa vidudu vya ziwa.

Hakutosheka. Alichukua mufuko wa unga na kujaribu kusoma maandishi madogo. Jicho la kuume: ukungu. Jicho la kushoto, lenye halikuchungulia kitu: ukungu uleule. Akaamua kwamba sumu imevuka pua na kuingia upande wa pili. Alipofika mulangoni pa chumba chake, bila kuingia, alimuomba Orpha apike mapema, akingali anaona chakula. Orpha alimunusa mudomo kwanza, akitafuta harufu ya pombe.

Kesho yake asubui mutaalamu wa kampuni alifika kutoka Mansa. Alikuwa mwanamuke, Ireen Mwewa, mwenye viatu vizito na sanduku ya rangi ya majivu. Mama yake alifanya biashara ya samaki na watu wa Pweto miaka mingi, kwa hiyo alijua Swahili ya soko. Aliwaonya mwenyewe kwamba Swahili yake ni ya mizani na matusi tu, wamusamehe. Hakugusa kitu. Alisimama mbele ya ukuta, akauliza ni nani alifungua pale.

Kulikuwa na watu wengi mulangoni: wale wazee munane, Orpha, na muzee Kaoma, mukubwa wa kamati ya dispensere. Mama Angèle alimutazama Méschac. Méschac alitazama dari.

"Ni Obvious," akasema. "Ule wa rangi."

Haikuwa uongo muzima, alijiambia. Ilikuwa tu ukweli wenye alikata mapema. Mama Angèle alivaa miwani yake, akamutazama tena.

Ireen alitoa mashini ndogo kama bastola, akaunganisha na ekrani, akachomeka ndani yake kile kichwa cha rangi ya majani. Alieleza kwamba jicho la mutu halichungulii pale. Jicho la mashini ndilo linachungulia, na mutu anatazama ekrani.  Kwenye ekrani duara kubwa kama sahani ikaonekana, na katikati yake duara ndogo sana. Hiyo ndogo, Ireen alisema, ndiyo njia yote ya mwangaza. Punje moja ya vumbi ikikaa pale, ni sawa na mutu kuweka jiwe kubwa katika mulango.

Juu ya njia ile hapakuwa na punje moja tu. Palikuwa na mafuta, yenye mapovu, kama katika karai. Palikuwa na nyuzi mbili za kitambaa zimepandana kama miti iliyoanguka. Palikuwa na changarawe, na mukwaruzo murefu kutoka upande huu mpaka upande ule. Wazee walisogea watazame. Hata Mama Laurentine, mwenye hakuona ekrani, aliomba Orpha amuhadisie.

Ireen alinusa kichwa cha kamba. Alikaa kidogo akifikiri, kama mupishi.

"Chisense," akasema. "Ya kukaanga. Na esansi."

Méschac aliingiza upindo wa shati ndani ya suruali.

Muzee Kaoma alikasirika. Alisema kama Obvious amefanya hivi ndani ya chumba cha wagonjwa, basi kazi ya kupaka chumba cha wazazi juma lijalo hataiona, watatafuta mwingine. Akatoa telefone yake amupigie palepale. Méschac aliona kidole cha muzee kinatafuta namba. Anasema alifanya hesabu ya haraka: Obvious hayuko, hatajua ni nani alimutaja, na sokoni watasahau. Hesabu ilikuwa nzuri. Lakini Obvious alikuwa na bibi mwenye mimba ya miezi saba, jambo lenye Méschac alijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewasafishia radio yao na kuiua.

"Muzee, acha telefone," akasema. "Ni miye. Obvious alitosha tu kamba ndani ya ukuta. Miye njo nilifuta na shati, nikatia esansi, nikasugua. Na nikachungulia na jicho."

Maneno ya mwisho hakuyapanga. Yalitoka yakifuata mengine.

Ireen aliweka chombo chake chini. Alimuuliza alichungulia mara ngapi. Mara mbili, Méschac akajibu. Na juu ya nini mara mbili, kama mara ya kwanza hakuona kitu? Hapo Méschac alirudia kutazama dari, maana jibu la kweli lilikuwa kwamba alitaka kuonekana anajua kazi, na jibu hilo halikuwa la kutolewa mbele ya mama mukwe.

 Mama Laurentine, bila kugeuza uso, akaongea na mutoto wake.

"Orpha, mwambie bwana yako akae pa kiti. Akianguka, hapa hatuna mutu wa kumuokota mwenye kuona."

Wazee walicheka polepole, kwa adabu, wakifunika midomo. Méschac akakaa.

Muzee Kaoma alitaka kuendelea kukasirika, lakini saa ilikuwa tatu na nusu na Ireen alikuwa amekwisha kufungua sanduku. Alisema ile kamba haitapona. Uchafu unatoka, lakini mukwaruzo kwenye kioo hautoki, na aliyeuleta ni muchanga uliokaa katika brosi. Akaitupa. Akatoa mupya ndani ya plastiki yake, akaondoa kifuniko kidogo, akaitazama kwanza kwenye ekrani. Méschac aliuliza kama kitu kipya nacho kinaangaliwa. Ireen alimujibu kwamba kipya si safi, kipya ni kipya tu. Na kweli kulikuwa na vumbi kidogo. Alichukua kitu kama kalamu, akaisukuma juu ya ncha mpaka ikalia ka, mara moja. Akatazama tena. Safi.

Kisha akafungua sanduku la ukutani na kutoa kichwa cha pili, kile kinachokutana na cha kwanza. Nacho kilikuwa na mafuta, kwa sababu ukigusanisha chafu na safi unapata chafu mbili. Kalamu ililia ka, na mafuta yalibaki. Ireen akamutazama Méschac.

"Wewe njo ulipaka. Kuya utoshe mafuta yako."

Alimupa kitambaa cheupe kisichoacha nyuzi, na tone moja la alkoli kali, ile isiyo na maji ndani. Anyooshe kitambaa, aweke ncha pale penye tone, aivute mara moja kuelekea pale pakavu, basi. Asirudishe nyuma. Asitumie mara mbili pale pamoja.

Mara ya kwanza mukono ulikumbuka brosi ukaenda na kurudi. Kwenye ekrani uchafu ulikuwa umehama tu upande mumoja, kama ng'ombe waliofukuzwa katika shamba ya jirani. Mara ya pili alivuta vizuri kabisa, mara moja, polepole, na kwa furaha akapuliza. Ireen alifunga macho. Ekrani ilionyesha matone ya mate yenye Méschac hakutaka yaonwe na watu wengi hivyo. Mara ya tatu alizuia pumuzi mpaka masikio yakalia. Akavuta. Akachomeka kwenye mashini ya kutazama.

Duara ilikuwa tupu. Hakuna uzi, hakuna doti. Méschac aliitazama kwa muda murefu kuliko ilivyohitajika. Miaka yote aliyokaa chini ya kibao chake alisafisha vitu vya watu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kutazama kama kitu kilitakata.

Ireen aliunganisha vichwa viwili, na taa ya mashini ikawa ya majani, bila kupepesa. Ilikuwa saa ine na dakika kumi. Dokta wa Lusaka alionekana kwenye ekrani, mwanamuke wa nywele fupi, akiomba musamaha kwamba yeye ndiye alichelewa.

Wazee waliingia mumoja mumoja. Dokta aliongea Kiingereza, Mama Angèle akageuza kwa kila mutu katika luga yake, Bemba ao Swahili. Mama Laurentine aliambiwa kwamba lile wingu jeupe lililofunika macho yake linaweza kutolewa, jicho moja kwanza, na alipewa tarehe ya opereshoni. Alimuomba Angèle aitamke tarehe mara tatu, akaishika kichwani, maana karatasi haikumufaa.

Walipomaliza, Mama Angèle alimukamata Méschac kwa mukono na kumukalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Alimueleza dokta yote, na Méschac alijua Kiingereza kidogo, kiasi cha kufahamu neno "shati". Picha za macho yake zilienda Lusaka. Dokta alizitazama sana. Méschac alishika kando za kiti.

Jibu lilikuja: nyuma ya jicho hakuna palipoungua. Mwangaza unaofika katika nyumba za watu ni muzaifu, lakini kuna nyingine za mafundi zenye nguvu, na kwa macho mutu hawezi kuzitofautisha. Kwa hiyo asichungulie tena hata siku moja, hata kama wanamwambia imezimwa. Méschac alitaka kusimama. Dokta akasema wangoje. Aliomba wamupe karatasi asome. Méschac aliisogeza, akairudisha, akainyoosha mpaka mukono ukaisha. Dokta akauliza ana miaka mingapi.

Makumi ine na tatu, Méschac akajibu.

Na tangu lini haoni vitu vya karibu?

Méschac alifikiri. Kwa muda kama wa miaka mitatu aliona kwamba viwanda vinatengeneza telefone zenye misumari midogo zaidi na zaidi, na alikuwa amelalamika mara nyingi juu ya viwanda hivyo. Aliyasema yote. Mama Angèle alipomaliza kugeuza, dokta alifunika uso na mikono, na mabega yake yalitikisika kule Lusaka, wazi kabisa, bila kukatika hata mara moja. Fibre ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

Méschac alitoka pale na miwani ya kusomea kutoka katika sanduku ya Mama Angèle.

Alienda kukaa kwenye meza yake na kufungua telefone yenye alikuwa ameimaliza juzi. Alitazama ndani na miwani. Kulikuwa na nywele za brosi zimekwama kila pahali. Kulikuwa na unga wa muchele umeshikamana na kutu. Plastiki ya pembeni ilikuwa imeyeyuka. Aliifunga, kisha akaifungua tena, akitumaini kwamba ni ya mutu mwingine.

Ireen alipita pale kununua samaki kabla ya kurudia Mansa. Alisimama, akatazama chupa ya esansi, akatazama babula, jiko la makaa lenye mwanamuke wa chisense alichomea pembeni, hatua mbili tu.  Aliinua chupa akaipeleka mbali, mpaka nyuma ya ukuta. Aliporudi alimuachia Méschac chupa ndogo ya alkoli na kumweleza kwa ile Swahili yake ya mizani: mbele ya yote, zima, fungua na utoshe batri, uiweke pembeni. Brosi laini, mupya, ya kazi hiyo tu. Alkoli kidogo, na mbali na moto nayo pia. Kisha uache ikauke yenyewe mpaka ikauke kweli. Muchele ni wa kula. Tusi lilitoka moja tu, na Méschac aliona amelistahili.

Mangaribi ile alimutafuta Obvious amuombe musamaha. Hapo pia alifanya kosa, kwa sababu Obvious hakuwa amesikia kitu. Alikuwa anakula. Méschac alilazimika kumueleza kwanza namna alivyomusingizia, nani alikuwapo, na muzee Kaoma alisema nini, na Obvious, aliyeanza akiwa na furaha, alikasirika mbele yake hatua kwa hatua. Walikubaliana mwisho kwamba Méschac atamusaidia siku mbili kupaka chumba cha wazazi. Obvious alimupa dari, kazi yenye hakuna mutu anaipenda. Méschac alitembea sokoni juma muzima na nywele nyeupe kwa rangi, na kila mutu aliyemuuliza alimueleza habari yote, maana aliona afadhali waisikie kwake kuliko kwa wazee munane.

Biashara haikuchangamuka. Valère, muchuuzi wa samaki, alimuletea telefone iliyoanguka kutoka mutumbwini, na alikuwa ameiwasha mara tano njiani ili ajue kama ingali hai. Méschac alimwambia kwamba hizo mara tano ndizo ziliiumiza zaidi. Valère hakupenda. Alinusa hewa, akauliza esansi iko wapi, na kwa nini hapulizi, kama ni ugonjwa. Siku ya tatu telefone iliwaka, lakini sauti yake ilikuwa imekufa, na Méschac alimwambia vilevile: imekufa. Zamani angesema inapumuzika. Valère aliichukua na kuipeleka kwa fundi mwingine, upande wa kituo cha magari, mwenye kupuliza kwa nguvu zote. Wengine walifuata. Lakini Hervé, katekista, alibaki, na Mama Angèle alianza kumupa kompyuta za dispensere azitoe vumbi, akisimama nyuma yake mpaka anamaliza.

Mama Laurentine alifanyiwa opereshoni mwezi wa munane. Siku ya posho iliyofuata, mwisho wa juma, Méschac alienda Mantapala kuwaona. Alimukuta mama mukwe amekaa mbele ya nyumba, kitambaa kimetolewa, akitazama kila kitu kwa zamu kama mutu wa kodi: tundu katika majani ya paa, kuku wasio wake, mistari ya shamba. Alikuwa amekwisha kumuuliza Orpha ni nani alipanda mihogo iliyopinda hivi. Méschac alisimama pembeni, mbali, kama heshima inavyotaka, na kutazama chini.

Safari hii mama mukwe hakutazama pembeni. Alimutazama moja kwa moja, kuanzia viatu.

"Orpha," akasema, "bwana yako alizeeka hivi lini? Na hamukuniambia."

Orpha alikuwa anatwanga. Hakusimama.

"Alizeeka polepole, mama. Tulifikiri unasikia."

Mama Laurentine alifikiri juu ya jambo hilo. Kisha akamwambia Orpha amuletee bwana yake kiti, akiweke pale karibu, penye mwangaza, amuone vizuri.